Posa Yetu Kwenye Mto Courland

Tangu nirudi, kila Ijumaa nikienda kula wali na wenzangu kule Industrial Area, hakuna anayeniuliza hali. Wanauliza jambo moja tu. Otieno, askari wa lango la nyuma la hoteli yetu, ndiye aliyezidi. Juzi kaniambia mbele ya chumba kizima: "Maze Magesa, si utuambie tu kama ulikataliwa, tujue tunakulilia ama tunakucheka."

Nimeona niandike mara moja, msome wote, kila mtu achague lake.

Kutoka Al Sadd

Kwa asiyenijua: mimi ni mtu wa Musoma. Nilisomea ualimu wa historia, na kwa elimu hiyo nabeba mabegi ya wageni katika hoteli moja ya Al Sadd, hapa Doha. Janelle ni mpishi wa keki na mikate hotelini hapohapo. Kwao ni Tobago, kisiwa kidogo huko Karibiani, mahali paitwapo Plymouth. Tulizoeana kwa sababu mimi hufika kazini na njaa, na yeye hupata mikate iliyopinda ambayo haifai kupelekwa kwa wageni. Mapenzi mengine huanza kwa maua. Yetu yalianza kwa mikate iliyopinda.

Tulipokubaliana kuoana, Janelle aliniwekea sharti moja. "Mama hataki habari ya simu. Nenda ukamwombe uso kwa uso."

Kwetu mtu hajiposei mwenyewe kama anayenunua betri. Lazima awe na mshenga. Nikamwendea Mzee Haji, Mzanzibari wa Makunduchi, dereva wa familia moja pale Al Thumama, ambaye kazi yake ni kuwapeleka watoto wao shule na kuwarudisha. Ana ndevu nyeupe, kanzu zake zimenyooka kama karatasi, na kauli yake ikitoka hata mlinzi wa benki humpisha. Alikuwa amepata likizo yake. Akanisikiliza, akasema, "Yakhe, sijawahi kuposa nje ya Unguja. Lakini mwanamke ni mwanamke, na mama yake ni mama yake. Twende."

Tulipanga kwenda watatu. Siku chache kabla ya safari, hoteli ikamfutia Janelle ruhusa, kwa kuwa kulikuwa na harusi ya watu wakubwa iliyohitaji keki yenye ghorofa nyingi kuliko jengo letu la wafanyakazi. Tiketi zetu hazikuwa za kurudishwa. Janelle akalia, akajifuta, akasema nendeni. Kwa mama yake alisema tu kwamba rafiki wa kazini atapita kukiona kisiwa, pamoja na mjomba wake, awapokee.

Kwa hiyo tuliondoka wanaume wawili, kuvuka nusu ya dunia, kumwomba mtu ambaye tulikuwa tumemwacha Doha.

Ndani ya gari kuelekea uwanja mpya wa ndege, ambao siku hizo ulikuwa bado unanukia rangi, nilimsimulia Mzee Haji yale ambayo Janelle hunisimulia. Akizungumza habari za kwao, Janelle haanzi na bahari, anaanza na mto: Mto Courland, unaopita karibu na kwao na kuingia kwenye ghuba. Wao hutamka "Kolan".

Mzee Haji akageuka. "Mto Kurani? Subhanallah! Kumbe ni wenzetu hawa."

"Si Kurani, Mzee. Courland."

"Basi maana yake nini?"

Nami, mwalimu wa historia, nikajibu bila kupepesa kwamba Courland alikuwa nahodha wa Kiingereza. Sikuwa na habari yoyote. Nahodha yule nilimtoa hewani palepale, na nilipoona Mzee Haji anatikisa kichwa kwa heshima, nikamwongezea na mguu wa mti.

London, na kisiwa ambacho si chetu

London hatukuiona. Tuliona viti vya uwanja wa ndege tu, na mvua nyuma ya kioo. Mzee Haji alikunywa chai moja, akakirudisha kikombe kikiwa nusu, akasema ng'ombe wa huku wana huzuni.

Ndege ya pili ilipita juu ya maji siku nzima. Mwishowe tukaona ardhi ya kijani, minazi, ufuo mweupe. Ndege ikatua, watu wakasimama, wakaanza kushusha mabegi.

"Tumefika," nikamwambia Mzee Haji, kwa sauti ya mtu ambaye kazi yake ni wasafiri.

"Mbona wengine wamekaa?"

"Hao wanapenda kukaa."

Tukashuka. Tukapanga foleni. Mzee Haji alikuwa tayari amekunjua kofia yake ya viua na kuivaa, maana ugenini hakuingiwi kichwa wazi. Dada wa uhamiaji alizitazama pasi zetu.

"Mtafikia wapi?"

"Plymouth, kwa Bi Olive."

"Plymouth gani?"

"Ya Tobago," nikasema, nikishangaa kidogo ujinga wa watumishi wa nchi hii.

Dada akaziweka pasi mezani taratibu. "Bwana, hapa ni Saint Lucia."

Mzee Haji aliuliza dada anasema nini. Nikamwambia tumefika kwa mtakatifu, ila siye wetu.

Tulirudishwa mbio, mfanyakazi wa uwanja mbele, mimi nyuma yake, Mzee Haji akiwa ameshika kanzu kwa mikono miwili. Ndege ilikuwa imetua pale kushusha baadhi ya watu na kuendelea Trinidad, jambo ambalo, niliambiwa baadaye, lilitangazwa mara tatu. Abiria walikuwa wanatungoja. Tulipopita katikati ya viti walitutazama kama wezi waliorudi kuchukua na kifuniko.

Mzee Haji alifunga mkanda wake. Tukapanda mpaka juu ya mawingu. Kisha akasema kwa upole, "Na huko hotelini, wageni ndo wanakufuata weye?"

Port of Spain

Tulilala Port of Spain, na asubuhi tukaenda bandarini kungoja feri ya Tobago. Ilichelewa kwa sababu bahari ilikuwa imechafuka. Nje ya lango mama mmoja alikuwa akiuza chakula ambacho watu walikula wamesimama: vijimkate viwili laini vya kukaanga, katikati dengu za mchuzi wa bizari. Mzee Haji alipoonja alifumba macho.

"Hiki chakula chetu," akasema. "Kimefikaje huku?"

Hapo angalau nilikuwa na jibu la kweli. Nikamweleza kwamba baada ya utumwa kukomeshwa, Waingereza waliwaleta Wahindi kwa mikataba kulima miwa, nao wakaja na vyungu vyao.

Mama muuzaji aliniuliza, "Pilipili kidogo, au nyingi?"

Sasa, mtu akikuuliza hivyo nawe umetoka mbali, unaona kama ameiuliza nchi yako. Nikasema nyingi. Akanitazama mara ya pili, akatia. Nilipomeza tonge la kwanza masikio yangu yaliziba. La pili sikumbuki. Mzee Haji, aliyesema kidogo, alikula vinne akaomba vya njiani.

Feri

Mzee Haji alikuwa ameniambia tangu Doha kwamba kwenye maji nimwachie yeye, mtu wa kisiwa hana habari na mawimbi. Nami nikamwambia nimezaliwa ukingoni mwa ziwa, nimeogelea kabla sijatembea. Feri ilipotoka tu kwenye mlango wa bahari na kuanza kupanda na kushuka, mtu wa kisiwa alilala kifudifudi kwenye kiti akisoma dua, na mtu wa ziwa alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa meli, dengu na pilipili vikirudi kwa njia viliyoingilia, vikiwa vikali kuliko mwanzo.

Pembeni yangu alikuwepo mzungu mwembamba, uso rangi ya karatasi, naye katika hali hiyohiyo. Watu wakitapika pamoja huwa ndugu haraka. Akaniuliza naenda wapi. Nikasema Plymouth. Macho yake yakang'aa.

"Kwenye mto wetu!" akasema.

"Mto wenu?"

Alikuwa Mlatvia. Kati ya wimbi na wimbi akanieleza habari ambayo mimi, na diploma yangu, sikuwahi kuisikia. Courland si mtu. Ni nchi. Ilikuwa nchi ndogo ya baridi kaskazini mwa Ulaya, leo ni sehemu ya Latvia, na mtawala wake hakuwa hata mfalme, alikuwa mtu wa chini ya mfalme wa Poland. Lakini aliwaona wakubwa wa Ulaya wakigawana visiwa vya tumbaku na sukari, naye akatamani. Katika karne ya kumi na saba akatuma meli na askari na wakulima, wakajenga ngome kwenye ghuba ile, wakaupa mto na ghuba jina la kwao. Alikuwa pia na ngome kwenye Mto Gambia, kule Afrika Magharibi.

"Na wenyeji?" nikauliza.

"Wakalinago. Waliwapiga watu wetu sana. Na homa pia." Akainama ukingoni, akarudi. "Kisha Waholanzi wakawanyang'anya. Hawakukaa muda mrefu. Jina tu ndilo lililobaki."

"Na wewe umekuja kufanya nini?"

Akaona haya. "Kuna mnara wa kumbukumbu. Kupiga picha. Sisi ni watu wadogo, bwana, kila jirani ametutawala. Shuleni tulipofundishwa kwamba na sisi tuliwahi kuwa na kisiwa..." Hakumalizia.

Sijui kama nilimhurumia au nilimkasirikia. Nilichokijua ni kwamba nimepata hotuba. Nilijiona tayari mbele ya Bi Olive, nikimweleza mto wake mwenyewe, naye akinong'ona, huyu ndiye mkwe. Nikamuua nahodha mwenye mguu wa mti, nikamtupa baharini pamoja na dengu.

Plymouth

Tulifika jua likiwa limezama. Nyumba ya Bi Olive ni ya mbao, ngazi mbele, maua mekundu ya uzio yamejaa mpaka dirishani. Nilikuwa nimevaa suti. Mzee Haji alikuwa na kanzu, koti na bakora aliyoazima Doha kwa ajili ya heshima tu. Tukabisha.

Mlango ukafunguliwa na mama mrefu, miwani kwenye mnyororo. Akatutazama, akatabasamu, akasema kwa Kiingereza waziwazi, "Usiku mwema."

Hata hatujakaribishwa! Nikainamisha kichwa, nikajibu, "Usiku mwema, Mama," nikalichukua begi na kuanza kushuka ngazi. Mzee Haji akanifuata, akiuliza kuna nini.

"Ametufukuza, Mzee."

"Bila ya maji?"

Tulikuwa tumeshafika barabarani ndipo mwanamume mmoja mnene alipotoka mbio na kandambili mguu mmoja. Alikuwa Mjomba Winston, kaka yake Bi Olive. Kumbe huko "usiku mwema" ndiyo salamu ya jioni. Unapofika unaambiwa hivyo. Alitushika mikono akatupandisha tena, na Bi Olive alikuwa bado mlangoni, akijiuliza, nadhani, binti yake anafanya kazi na watu wa namna gani.

Tulipewa juisi, tukapewa samaki. Bi Olive alikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu, na maswali yake yalikwenda kwa mpangilio: jina kamili, kazi, umemfahamu Janelle kwa muda gani, kwa uhusiano gani. Nilipofika hapo kwenye uhusiano, nikamtupia macho mshenga.

Mzee Haji alisimama. Akakohoa. Akasema kwa Kiswahili kilichonifanya nijivunie kuzaliwa: "Mama mwenye nyumba, sisi ni wapita njia. Tumepita kwenye bustani yako, tukaliona ua. Tumeona maua mengi, lakini moyo wa kijana huyu umesimama kwenye hilo. Tumekuja kwa adabu na miguu miwili kukuomba ruhusa, tulichume, twende nalo kwetu, tulitunze lisinyauke."

Nikatafsiri neno kwa neno. Kosa langu ndilo hilo. Sikutia hata kijiko cha maelezo.

Bi Olive akatazama dirishani, akatutazama sisi. Uso wake ukalainika. "Hilo tu? Jamani, hata mngeomba kumi! Winston, lete kisu."

Nikamwambia Mzee Haji, "Amekubali."

Mzee Haji alikaa chini kwa nguvu ya furaha. "Alhamdulillahi! Yakhe, mara moja! Kwetu hunyimwa mara tatu kwanza."

Winston alikwenda nje na tochi, akarudi na matawi ya ua lile jekundu, akayafunga kwa gazeti bichi, akatuambia tuyapande kivulini. Nilidhani ni desturi. Nikayapokea kwa mikono miwili, nikapiga goti. Bi Olive alirudi nyuma hatua moja. Mzee Haji akapiga kigelegele, kitu ambacho wanaume hawafanyi hata kwao, lakini hapakuwa na mwanamke wa kutusaidia.

Niliomba kutumia simu, nikatoka nayo barazani, nikampigia Janelle; Doha ilikuwa usiku wa manane, naye alikuwa zamu. "Mama amekubali!" Nilimsikia akipiga yowe, kisha jiko zima la hoteli likipiga masufuria. Nyie wenzangu mnakumbuka, maana kesho yake ndipo mlipokula keki yenye majina yetu.

Mtoni

Siku ya pili tukaambiwa tunakwenda mtoni. Kwetu ukishakubaliwa, siku ya pili ni ya mazungumzo mazito, kwa hiyo nikavaa suti tena. Kumbe kwao kwenda mtoni ni kwenda kupika. Bi Olive alivaa kaptula na kofia ya jua. Winston alibeba sufuria kubwa, kuni, na ndoo iliyokuwa ikikwaruza kwa ndani. Hakuna aliyesema lolote kuhusu tai yangu.

Mto Courland si mkubwa. Mtu wa Mara ningeuita kijito, kama si adabu. Lakini ni mzuri: maji yanapita juu ya mawe, mianzi imeinama pande zote mbili, na kivuli chake kinatuliza macho ya mtu aliyezoea mchanga wa Doha. Winston aliniambia nivue viatu nitie miguu. Nikauliza kama kuna mamba. Akacheka. Nikatia mguu mmoja, kitu kikaruka kutoka kwenye mti na kuanguka majini kwa kishindo karibu yangu, nami nikajikuta juu ya jiwe, nimemkumbatia Mzee Haji. Alikuwa mjusi. Mkubwa, lakini mjusi.

Ili kurudisha heshima, nikaona wakati wa hotuba umefika.

Nikasimama na suruali iliyolowa nikaanza. Niliwaeleza habari za Courland, yule mtawala ambaye hata mfalme hakuwa, ngome, Wakalinago, Waholanzi. Nilieleza jinsi Wafaransa na Waingereza walivyokuja baadaye, na jinsi Waafrika walivyofungwa minyororo wakaletwa kulima miwa kandokando ya maji haya, wakalirithi jina ambalo hawakuulizwa. Nilikuwa nimepandisha sauti kama nilivyofanya kwenye mazoezi ya ualimu. "Swali langu ni moja," nikamaliza. "Mmekuwa huru miaka mingi. Kwa nini mpaka leo mnaliacha jina la watu waliokuja, wakashindwa, wakaondoka?"

Bi Olive alikuwa akikata vitunguu. Hakuinua macho. "Wewe kwenu wapi, Bwana Magesa?"

"Musoma, Mama."

"Iko wapi?"

"Kando ya ziwa."

"Ziwa gani?"

Nikakohoa. "Kila kabila lina jina lake. Wengine huliita Nyanza, wengine..."

"Kwenye ramani."

"Mama, kwenye ramani linaitwa..."

"Jibu swali."

"Victoria."

Kilichofuata ni sauti ya mwiko wa Winston kuanguka ndani ya sufuria. Alicheka mpaka akakaa majini na nguo zake. Bi Olive alivua miwani. "Huyo tunamjua," akasema. "Alikuwa kwetu pia." Kisha naye akashindwa kujizuia. Mzee Haji aliniuliza nimesema nini cha kuchekesha namna hiyo. Nikamwambia. Akacheka kwa Kizanzibari, yaani bila sauti, mabega tu.

"Mimi," Bi Olive akasema akirudia vitunguu vyake, "nimefua nguo za watoto wangu wote katika mto huu. Uitwe utakavyoitwa, ni wangu. Kaa chini."

Nikakaa. Ndani ya ndoo walikuwamo kaa, wakaingia kwenye mchuzi wa nazi na bizari pamoja na madonge ya unga. Mzee Haji akanigusa. "Sasa uliza siku. Mambo yameiva."

Nikasema, "Mama, kuhusu lile ua la jana. Tungependa kujua tulichukue siku gani."

"Si nimewafungia? Limo kwenye ndoo, nyuma ya mlango. Ila sijui kama uwanja wa ndege watawaruhusu kupita na mmea."

Nilimtazama. Nikamtazama Winston, ambaye alikuwa akitikisa kichwa kukubali kwamba kweli, watu wa uwanja wa ndege ni wagumu. Na hapo nikaelewa, polepole, kuanzia miguuni. Nikakumbuka goti. Nikakumbuka kigelegele. Nikakumbuka jiko zima la hoteli likipiga masufuria.

"Anasemaje?" akauliza Mzee Haji.

"Mzee, wametupa ua."

"Ndo walotupa."

"Wametupa ua la kupanda."

Mzee Haji aliweka bakora chini.

Sikuwa na hotuba nyingine. Nikasema tu, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya kuku: "Mama, sikuja kuona kisiwa. Ua ni Janelle. Nataka kumwoa. Nimekuja kukuomba."

Moto ulilia chini ya sufuria. Winston aliacha kukoroga. Bi Olive alichukua sahani, akapakua, akanipa. "Kula kwanza," akasema, na sauti yake haikuwa na chochote ndani.

Nilikuwa sijawahi kula kaa. Ziwani kwetu tunakula samaki mwenye uso wa kueleweka. Nilimtafuna na ganda lake, kwa kuwa sikuthubutu kuuliza, na Mzee Haji, ambaye kaa humwasha mwili, alinisogezea na wake. Nilitafuna wote wawili, kila mtu akisikia.

"Utampeleka wapi?" akauliza hatimaye.

Nilikuwa na majibu mengi ya swali hilo. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi ndani ya ndege. "Sijui, Mama," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Alipoondoka aliniambia miaka miwili. Siku hizi hata sihesabu. Umetueleza vizuri habari za hii ghuba, Bwana Magesa. Wote waliofika kwa meli walikuja kuchukua. Na wewe umekuja na feri." Akainuka, akaenda kukaa juu ya jiwe mbali kidogo, ametupa mgongo.

Mimi nilibaki nikiosha masufuria kwenye mto, suruali ya suti imekunjwa magotini, kwa kuwa ndilo jambo pekee ambalo hakuna ambaye angeweza kunikataza. Mzee Haji akainuka, bila kuniita nitafsiri, akaenda kwenye lile jiwe. Kiingereza chake ni cha barabarani: kushoto, kulia, simama hapa, watoto wamechelewa. Nilimwona akiongea kwa mikono. Nilimwona akitoa simu yake, akimwonyesha kitu. Wakakaa pale mpaka mchuzi ukapoa.

Aliporudi nilimuuliza amemwambia nini.

"Nimemwonyesha picha ya mwanangu Mwanaisha. Kaolewa miye niko Doha. Bibi harusi nilimwona ndani ya simu, ikakatika kabla hajapewa mkono wa mumewe. Nikamwambia, mama, huyu kijana mpumbavu, lakini kaja kwa miguu yake. Hakuja kwa simu." Akajipangusa macho na pindo la kanzu. "Mwaka huu ndo nilikuwa niende nikamwone mjukuu. Basi. Mwakani, inshallah."

Niliacha sufuria likaelea. Likizo ile aliyosema ameipata, sikuwahi kumuuliza alitaka kuifanyia nini. Nilikuwa nimemzuia kwenda kwake Makunduchi, nikamleta huku avae koti kwenye joto na kuomba maua. Nikataka kusema neno. Akaninyooshea bakora: "Sufuria linakwenda, yakhe! Likipotea nalo, hapana ndoa kabisa." Nikalikimbilia mpaka kiunoni, tai ikielea mbele yangu.

Kurudi

Bi Olive alitusindikiza mpaka bandarini. Jioni ya nyuma yake alikuwa amezungumza na Janelle kwa muda mrefu, mlango umefungwa. Mimi nilikuwa nimekwisha kumpigia na kukiri habari ya ua, na Janelle alikuwa ameuliza jambo moja tu: "Keki imeshaliwa yote. Sasa nifanyeje?"

Watu walipoanza kupanda, Bi Olive alinirekebishia kola. "Yeye aje kwanza peke yake," akasema. "Akae. Alale kitandani kwake mpaka achoke kulala. Akiniambia mwenyewe kwamba anakutaka, nitakwambia uje. Harusi itakuwa hapa. Mtakapoishi mtajua wenyewe, lakini mimi sitamwona bibi harusi ndani ya simu."

"Ndiyo, Mama."

"Na huko feri usile pilipili."

Kurudi bahari ilikuwa tulivu, na hakuna aliyeshuka mahali ambapo si pake. Janelle alikuja kutupokea na nguo za jikoni. Alienda kwao mwezi uliofuata, akakaa, na simu ikaja. Harusi ni Januari. Kwa hiyo, Otieno, unaweza kunicheka, kunililia hapana.

Limebaki moja. Mzee Haji, akiwapeleka watoto shule, aliwasimulia safari yote, kaa, mjusi na ua. Watoto wakamsimulia mama yao. Sijui walimsimulia vipi, lakini baada ya Idi alimwita, akampa likizo nyingine, akamwambia aende kwa Mwanaisha.

Tulimsindikiza mimi na Janelle. Janelle alikuwa ameoka tangu alfajiri, masanduku mawili ya mikate na keki, yote imenyooka. Nilitaka kumshukuru Mzee Haji vizuri, kwa maneno yaliyopangwa, nikasimama, nikakohoa. Lakini yeye alikuwa akitazama ubao wa safari za ndege, akisoma Zanzibar, Zanzibar, midomo ikicheza kama mtoto anayejifunza herufi. Kabla sijaanza alikwishanyakua masanduku, akapita mlangoni, kanzu ikipepea, wala hakugeuka kutuaga.